Mwanamke wa Mbao wa Bi Amna

Sajini Rahila alipofika nyumbani kwa Bi Amna, mjini Nizwa, Omani, alikuta kesi imeshahukumiwa. Masanduku mawili ya nguo yalikuwa yamewekwa moja juu ya jengine ukumbini karibu na mlango, na Yaarub, mwana wa nyumba, alikuwa amesimama kando yake kama anayelinda mzigo wa serikali.

"Karibu, ukhti," alisema Yaarub. "Wala hutachoka leo. Mwizi tunamjua. Nataka tu iandikwe kishurta, kipolisi, na sanamu ya mama irudi."

"Mwizi nani?"

"Mke wangu."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja mtaa anaokaa.

"Na haya masanduku?"

"Yake. Nimempigia simu baba yake, huko Sur. Nduguye Musallam amelala Ibra kwa shangazi yao, sasa yuko njiani anakuja. Tukishasali alasiri anamchukua dada yake, khalas. Siwezi kukaa na mwanamke anayemwibia mama yangu."

Rahila aliinama akayatazama masanduku. La juu kufuli lake lilikuwa bovu, limefungwa kwa kamba. Mtu aliyefunga kamba hiyo alikuwa ametia vipande vya kanga kuukuu chini yake, kila pembe, ili ngozi ya sanduku isichubuke.

"Nani kafunga?"

"Mama mkubwa, Bi Fawziya. Kwani kuna nini?"

"Kafunga vizuri," alisema Rahila. "Masanduku yasitoke mpaka nimalize."

Mkuu wa kituo alimtuma yeye kwa sababu shauri lilikuwa la vyumba vya ndani, na huko askari wa kiume hakanyagi. Mwaka ule wa themanini na nne wanawake wenye sare hawakuwa wengi Nizwa, na wanaozungumza Kiswahili cha Unguja walikuwa wachache zaidi. Rahila alikuwa ameshazoea kuitwa kila jambo linapotokea katika nyumba za watu waliorudi kutoka Afrika.

Mlangoni mwa sebule alipokewa na bibi mrefu, mwembamba, anayetembea kwa kushika ukuta. Huyo ndiye Bi Fawziya, dada mkubwa wa Bi Amna. Kabla Rahila hajasema neno, bibi yule alikuwa ameshachuchumaa kwa taabu, anamfungua kamba za viatu.

"Lo, Bi Fawziya! Shikamoo. Niache, nitavua mwenyewe."

"Marahaba. Umetoka juani na viatu vya kiaskari. Miguu imevimba hiyo. Tulia." Akamtilia maji ya baridi miguuni, akamfuta kwa taulo, akaondoka bila kungoja ahsante.

Bi Amna alikuwa amekaa juu ya godoro, mbele ya kabati la vioo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaa, mwanangu. Weka mto mgongoni. Tazama mwenyewe. Pale, pale pana pengo."

Ndani ya kabati zilikuwamo sanamu za mbao zilizochongwa na kupakwa rangi, kila moja kadiri ya urefu wa kiganja. Mchuuzi mzee amebeba mgongoni rafu nzima ya vyungu, vijiko na saa za ukutani, duka zima juu ya mtu mmoja. Mchungaji na ng'ombe wake mwenye kengele shingoni. Mpiga zumari aliyevimbisha mashavu. Mwanamke mwenye kapu mgongoni, gauni jekundu, mkono mmoja ameunyoosha ubavuni kama aliyemshika mwenzake. Lakini mwenzake hakuwapo. Rangi ilikuwa imefifia puani na mashavuni, pale vidole vya watoto wa zamani vilipozoea kushika. Rahila alipofungua mlango wa kabati, harufu ya msonobari mkavu ilimjia, harufu ngeni kabisa katika nyumba iliyozoea udi.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Hapo hapo mlangoni. Nimfungie nani? Nyumba yetu sote."

"Basi kila mtu angeweza. Nieleze zimetoka wapi."

Bi Amna alishusha pumzi. "Za Bi Rezi. Mume wake alikuwa mchimba visima, walikaa nyumba ile ya ukuta mweupe, mtu na mkewe tu, kwao Austria, kwenye milima ya theluji. Akapata homa, mimba ikaharibika. Hajui Kiarabu, hajui Kiswahili. Nikawa namchukulia uji, nakaa naye, mpaka akashika Kiswahili. Basi tukawa hivi." Alibana vidole viwili pamoja. "Walipohama akaniachia hawa. Kachonga babu wa babu yake, wakati wa baridi, theluji imewafungia mlango. Kaniambia hawa wanawake wawili ni mtu na mwenziwe. Akasema, huyu mwekundu ndiye wewe, Amna. Yule wa buluu ndiye mimi. Wakae pamoja mpaka nirudi nikutazame."

"Na aliyepotea ni wa buluu."

"Ndiye Rezi wangu, mwanangu." Aliligusa lile pengo kwa kidole. "Juma lijalo anakuja kunizuru. Nitamwambia nini?"

"Siku alipoyasema hayo, nani mwengine alikuwapo?"

"Hapakuwa na mtu. Mimi na yeye tu." Akafikiri. "Na Dada Fawziya, alikuwa akimimina kahawa."

"Ulimhadithia mkweo?"

"Shukriya? Sikumhadithia mtu. Wangesema mtu mzima mie ninacheza na watoto wa bandia."

Juu ya kabati palikuwa na fimbo ya shaba yenye pazia la kitambaa kizito, limeshonwa kwa mkono, mishono midogo iliyolingana.

"Hili la nini?"

"La kusalia. Nafunga pazia, ndiyo nasali hapa sebuleni. Mtu hawezi kusujudu mbele ya sanamu zinamtolea macho. Kashona Dada. Siku walipokuja hawa hakusema neno. Akanunua kitambaa, akashona."

Shukriya alikuwa chumbani kwake, amekaa juu ya kitanda kisicho shuka. Msala wake ulikuwa bado umetandikwa sakafuni, karibu na dirisha. Hakuwa akilia. Alikuwa amekasirika, na hasira yake ilimpendeza Rahila kuliko machozi.

"Niulize," alisema. "Mume wangu hakuniuliza. Alikuja kanishika mkono, katazama vidole, kaenda kupiga simu."

"Nionyeshe."

Ncha za vidole vyake vya mkono wa kulia zilikuwa na rangi ya buluu, na kuchani imekolea zaidi.

"Nini hii?"

"Nili ya kufulia. Jana nilifua kanzu zake. Anazipenda nyeupe za kung'aa, akienda ofisini waseme ana mke. Sasa ati ni rangi ya gauni la yule mdoli."

"Ulikuwa ukizichukia zile sanamu?"

"Nilikuwa nikizionea wivu," alijibu Shukriya, na hakutazama chini. "Nitakataa nini? Kila asubuhi mama mkwe anazifuta mojamoja, anazisabahi. Mimi tangu nimeingia nyumba hii hajaniuliza nimeamkaje. Nikasema siku moja, mbele ya Yaarub, laiti ningekuwa kipande cha mti ningepata busu. Ndiyo neno lililonitia hatiani."

"Ungetaka kumuumiza mama mkwe, ungechukua ipi?"

"Ng'ombe," alisema Shukriya mara moja. "Ndiyo anayemtaja kila mgeni akija. Kengele yake inalia kweli, umeona? Yule mwanamke wa buluu mimi hata sura yake siikumbuki."

Rahila alirudi sebuleni na Yaarub akamfuata. Aliomba pamba, bakuli la maji na kipande cha sabuni. Akaichovya pamba, akaisugua taratibu kwenye upindo wa gauni la mwanamke mwekundu, kwa nyuma, Bi Amna akimtazama kwa hofu. Pamba ilitoka nyeupe. Akasugua kwa sabuni. Nyeupe vile vile.

"Rangi ya mafuta, na juu yake vanishi," alisema. "Haitoki kwa maji wala kwa jasho. Sasa mwite mkeo anawe mikono humu."

Shukriya alikuja, akanawa bila kumtazama mumewe. Maji yakageuka buluu.

Yaarub alikuna ndevu. "Basi kanawa nili. Haina maana hakuchukua."

"Kweli. Ina maana wewe huna ushahidi."

"Sasa kachukua nani? Mama ajiibie? Au Mama mkubwa?" Akacheka. "Mwanamke yule akiokota sindano ya mtu anatangaza nyumba nzima."

Rahila hakucheka. Alikuwa akilitazama lile pengo. Mtu wa kuuza angebeba zote, au angembeba mchuuzi, maana kazi yake ndiyo nzito kuliko zote na mzungu yeyote angemtaka. Mtu anayeona sanamu ni haramu angevunja kabati zima na angejisifu. Mtu wa kumkomoa Bi Amna angechukua ng'ombe. Aliyenyoosha mkono akampita ng'ombe na mchuuzi, akamtoa mwanamke mmoja tu kutoka ubavuni mwa mwenziwe, alikuwa akijua yule mwanamke ni nani.

Adhana ya adhuhuri ililia. Bi Amna alifunga pazia, akatandika msala wake. Shukriya akarudi chumbani kwake, Yaarub akaenda msikitini. Rahila alitawadha, kisha akaenda kumtafuta Bi Fawziya. Alimkuta katika ujia wa jikoni, baina ya mlango wa stoo na jiko, anatandika msala juu ya saruji tupu. Kitunguu kilikuwa kikikaangwa na moshi wote ulikuwa unapitia pale.

"Bi Fawziya, naomba nisalie chumbani kwako."

"Chumbani? Hapana, mwanangu, chumba si kisafi. Sali hapa na mie."

Walisali bega kwa bega. Kila Bi Fawziya alipoinuka kutoka kwenye sijda, alishika mlango wa stoo kujivuta, na Rahila aliyasikia magoti yake. Walipomaliza kutoa salamu, Rahila hakuinuka.

"Unasali hapa siku zote?"

"Napenda. Pana upepo."

"Hapana upepo hapa, Bi Fawziya. Pana vitunguu."

"Basi ndivyo napenda vitunguu."

"Nimepita mbele ya chumba chako nikienda kutawadha, mlango ulikuwa wazi kidogo. Kina kiyoyozi. Kina zulia nene, na zulia limelika mahali pawili, upande wa kibla, kwa magoti ya mtu aliyesali pale miaka. Mwenye magoti hayo leo anasali juu ya saruji. Na mgeni uliyemwosha miguu kwa mikono yako, akiomba kusali kwenye zulia anaambiwa chumba si kisafi. Nani asiye msafi huko chumbani?"

Bi Fawziya alikunja msala wake, akaukunja tena mpaka ukawa mdogo kama kitabu.

"Mwizi wa kawaida haogopi kusujudu," alisema Rahila polepole. "Anaficha kitu chake na analala. Lakini huyu hakuweza kusali mbele ya kile alichokificha. Ni mtu wa kushona mapazia."

"Nimemfunga kwa kanga," alisema bibi, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nikamtia katika sanduku langu la mandusi, chini kabisa, juu yake nikaweka sanda yangu niliyotoka nayo hija. Nikafunga kwa ufunguo. Najua kisheria hapana neno, amefunikwa. Lakini nikipiga takbiri namwona. Ananitazama kama anayesema, nimekushinda."

"Amekushinda nini?"

Vitunguu vilianza kuungua; Bi Fawziya akapaza sauti kuwaambia wa jikoni wapunguze moto, kisha akalijibu swali.

"Mama yetu alikufa Amna ananyonya. Mie nilikuwa msichana mwenye wachumba, nikawaambia ngojeni mtoto akue. Hawakungoja. Nilimtafunia chakula, unasikia? Tulipotoka Unguja, melini, nilimpa blanketi langu na mie nikalala na baridi. Sikumwambia, na yeye hakuuliza, na mie sikutaka aulize. Halafu anakuja mwanamke na homa yake, anakaa mwaka na nusu, anaondoka. Na sasa ndiye mtu na mwenziwe. Kila asubuhi, 'Sabah alkheir, Rezi wangu.' Mie nimesimama mlangoni na birika la kahawa." Alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Mtu mzima, magoti haya, nimehiji. Namwonea wivu kipande cha mti."

Rahila alimshika mkono. Haikuwa kazi ya askari, lakini alimshika.

"Nipe mpaka magharibi," alisema Bi Fawziya. "Nitamrudisha. Nitasema nimemkuta nyuma ya kabati."

"Na wao watasema Shukriya kamtupa nyuma ya kabati alipoona askari."

"Mie sikumtaja Shukriya! Wallahi sikumtaja. Mumewe ndiye."

"Hukumtaja. Ulimfungia sanduku tu."

Neno hilo lilimpiga. Rahila aliona. Alichomoa kalamu yake mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Sitakwenda kusema mimi," alisema. "Nikisema mimi, utakuwa mwizi aliyekamatwa. Lakini kaka yake Shukriya akimtia garini kabla hujasema, nitasema."

Musallam alifika watu wakitoka msikitini alasiri, gari lake limejaa vumbi la njia ya Ibra. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, kijana mpana wa kifua, akamsalimia Rahila kwa adabu na Yaarub hakumsalimia.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Niko hapa," alisema Shukriya. Alikuwa ameshavaa baibui lake. Musallam akashika sanduku la juu.

"Liweke chini, baba," alisema Bi Fawziya.

Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mkono mmoja ukutani. Mkono mwengine ulishika kifurushi cha kanga. Alikifungua mbele yao wote bila haraka, na harufu ya msonobari ikatoka, imechanganyika na kafuri ya sanda. Mwanamke wa gauni la buluu alitokeza na kapu lake, mkono umenyooshwa.

"Nimechukua mie," alisema. "Shukriya hakugusa. Mie, Fawziya, nimemwibia mdogo wangu, na nimenyamaza mtoto wa watu akifungasha. Niwie radhi, Shukriya."

Yaarub alifungua mdomo. "Mama mkubwa, wewe una homa?"

"Sina homa. Nina kijicho."

Bi Amna alikuwa ametoka sebuleni. Alimtazama dada yake, akaitazama sanamu, na kwanza uso wake ulikuwa wa hasira tupu.

"Kwa nini, Dada? Kakukosea nini Rezi?"

"Hajanikosea. Kakupenda."

"Na ungeniambia…"

"Ningekwambiaje? Ningesema, Amna, nami nisabahi? Mambo haya huombwa?"

Bi Amna alisogea, akaipokea sanamu, akaitia kwapani kama kitu cha kawaida tu, kama mwiko, na kwa mkono uliobaki akamshika dada yake kiwiko. Ndiyo mara ya kwanza siku ile Rahila kumwona Bi Fawziya akishikwa na mtu badala ya kushika ukuta.

"Basi yamekwisha," alisema Yaarub, akicheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango wa kutokea. "Alhamdulillahi. Shukriya, vua baibui. Musallam, ingia ndani, ndugu yangu, upate kahawa."

Shukriya hakuvua.

"Bi Fawziya kaniomba radhi mbele ya watu," alisema. "Mkubwa kama yeye. Wewe hujaniomba."

"Si nimekwambia vua baibui?"

Musallam alibeba masanduku yote mawili kwa safari moja, akayatia nyuma ya gari. Kisha akafungua mlango wa mbele, wa upande wa abiria, akausimamia.

"Ingia, shemeji."

"Mie? Niende wapi?"

"Sur. Kwa simu ulimwambia baba yangu kwamba amezaa mwizi. Na jirani zetu wote wanajua, maana mzee akisikiliza simu hurudia kila neno kwa sauti. Sasa utakwenda kumwambia kwa mdomo wako, barazani kwake, jirani wakisikia, kwamba hakuzaa mwizi. Njia ndefu. Utapata wakati wa kupanga maneno."

"Kesho nina kazi!"

"Na mimi leo nilikuwa na kazi."

Yaarub alimgeukia Rahila. "Sajini, unaona mambo haya? Ananichukua kwa nguvu."

"Sijaona nguvu," alisema Rahila. "Naona mlango wa gari uko wazi."

Yaarub alimtazama mama yake. Bi Amna alikuwa akimsaidia dada yake kukaa kwenye kiti cha ukumbini, hakuinua kichwa. Yaarub akaingia garini bila kilemba.

Shukriya alipita kwanza kwa Bi Fawziya, akainama, akambusu mkono. Yule bibi alijaribu kuuvuta mkono wake, akashindwa. Halafu Shukriya akaenda akakaa kiti cha nyuma, na gari lilipokuwa limeshawashwa moto, akateremsha kioo.

"Bi Fawziya! Mrehani wangu uko uani kwenye mkebe wa samli. Usiniachie ukakauka, jua kali."

"Mpaka utakaporudi?"

"Kwani nani kasema sirudi?"

Gari liliondoka. Rahila alivaa viatu vyake, akaifunga kesi kwa maneno machache: kitu kimeonekana ndani ya nyumba, mwenyewe hana shitaka. Alipopita uani kwenda kuaga, alimwona Bi Fawziya ameinama juu ya mkebe na jagi mkononi. Udongo wa mrehani ulikuwa bado majimaji tangu asubuhi. Alikuwa akiumiminia tena, kidogo kidogo, na Bi Amna alikuwa amesimama nyuma yake, amemshika kiuno asianguke.